Ndama wa Jua

Msimu ule mpunga wetu ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya ulingo tangu ndege wanapoamka hadi wanapokwenda kulala. Ulingo wetu ni kama kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo nne. Kutoka hapo juu kamba zinakwenda kila upande hadi kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya mpunga, na kila mti una makopo yake. Ndege wakitua upande wa mto, unavuta kamba ya mto, makopo yanapiga kelele, wanaruka. Wakizoea kelele, kuna kombeo na madonge ya udongo. Watu wengi huiona ni kazi ya kuchosha. Mimi niliipenda, kwa sababu ukiwa kule juu hakuna wa kukutuma maji, na mbingu yote ni yako.

Shule niliishia kidato cha pili. Sikuacha kwa kutopenda. Lakini simu ninayo, na ndani ya simu nilikuwa nimejiunga na kundi la watu wa kutazama nyota. Wengi wao ni watu wa mijini wenye darubini za kusimamisha kwa miguu mitatu. Mimi nilikuwa nauliza maswali yangu kwa Kiswahili na wananijibu vizuri, hata siku moja mmoja aliniuliza darubini yangu ni ya aina gani. Nikamwambia ni ulingo. Akacheka, nami nikacheka.

Huko ndiko nilikosoma habari za kometi mpya. Ilikuwa imegunduliwa miezi michache tu nyuma, haina hata jina la kueleweka, ni herufi na tarakimu. Walisema inalikaribia jua, na kwamba kwa muda mfupi itaonekana kwa macho baada ya jua kuzama, chini upande wa magharibi, kama haitavunjika. Hakuna aliyewahi kuiona kabla ya hapo, na hakuna aliyejua itafanya nini. Hilo lilinipendeza sana. Mambo mengi duniani yanakuwa yameshajulikana na wengine kabla hayajanifikia mimi.

Jioni ya kwanza sikuona kitu. Ya pili, mawingu. Ya tatu nilikuwa nimeshuka, nimeegemea nguzo ya ulingo, na adhana ya magharibi ilipokuwa ikija na upepo kutoka ng'ambo ya mto, upande wa mji wa Garsen, niliiona. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyeshika unga akagusa ukuta kwa kidole kimoja, kisha akakivuta kidole juu kidogo. Niliogopa kwamba nikipumua itapotea.

Mbele yangu ulisimama ule mti wa makopo wa upande wa magharibi, na kometi ilikuwa karibu na ncha yake. Nikawaza: kesho nikisimama palepale, mgongo kwenye nguzo ileile, adhana ileile ikisikika, nitaiona imehama kiasi gani. Nikachana upindo wa kanga kuukuu iliyokuwa inafunika kibuyu cha maji, nikaufunga kwenye mti pale ilipokuwa. Kisha nikakimbia nyumbani kwa furaha, nikiwa nimesahau kombeo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Bibi, mzaa mama, ndiye mkubwa wa nyumba, kwa kuwa mama yuko Hola anapika chakula cha kuuza karibu na mashamba ya umwagiliaji. Dada yangu mkubwa alikuwa amerudi kwetu kusubiri kujifungua, maana shemeji yuko kazini Malindi. Na mimi. Dada alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, miguu ameinyosha, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Nimeiona," nikasema. "Nyota ya mkia. Iko kule, juu ya mpunga wetu."

Dada akasema, "Umeiachia shamba ilinde?"

Lakini bibi aliweka mwiko chini. Hakuniuliza ni nzuri au kubwa. Alimtazama dada, akamwambia, "Inuka. Ingia ndani."

"Bibi, kuna joto ndani."

"Ingia ndani, mwanangu."

Alisema kwa sauti ndogo sana, na kwa sababu ya udogo ule dada aliinuka akaingia.

Usiku huo bibi alituambia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana wa kufukuza ndege kama mimi, nyota kama hiyo ilikaa upande wa machweo kwa siku nyingi. Dada yake alikuwa mjamzito. Wazee walisema mwenye mimba asitembee chini ya nyota ile, akae chini ya paa hadi iondoke. Dada yake alicheka, akabeba mtungi akaenda mtoni. Uchungu ulimkuta hukohuko. "Tulimleta nyumbani kwa mkeka," bibi alisema, "yeye na alichokibeba." Kisha akaendelea kuchagua mchele, ingawa taa ilikuwa hafifu na mchele ulishachaguliwa.

Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, kwa sababu nilijua jambo ambalo bibi naye alilijua ila alikuwa amelisukuma pembeni. Mtoto wa kwanza wa dada alitolewa kwa upasuaji, na hakuishi. Safari hii muuguzi wa kliniki alimwambia waziwazi: usisubiri uchungu kijijini, vuka mto mapema, ukae Garsen kwa shangazi, karibu na hospitali. Tulikuwa tumepanga avuke wiki ileile. Sasa bibi alisema havuki mtu hadi nyota iondoke.

Mama alipiga simu kutoka Hola. "Mpelekeni," alisema. "Mama, tafadhali, mwache aende."

"Wewe uko Hola," bibi alimjibu. "Mimi niko naye." Akanirudishia simu.

Ungedhani dada angebisha. Hakubisha sana. Nilipomwuliza kwa siri kama anaamini, alisema, "Siamini. Lakini nikimwacha bibi amesimama ukingoni akitetemeka, nitatetemeka mpaka ndani ya tumbo. Hebu ngoja iondoke hiyo nyota yako." Tangu siku hiyo ilikuwa nyota yangu. Ikawa kama nimeileta mimi kwa kamba.

Nikawa nafanya kazi mbili pale ulingoni. Mchana ndege, jioni kometi. Kila jioni kitambaa kipya kilifungwa, na kila jioni kitambaa kilikuwa chini ya kile cha jana. Ilikuwa inashuka, inalifuata jua. Mkia wake uliongezeka, ukawa mzuri hata nikaona haya kuufurahia. Zamani, yaani siku chache tu zilizopita, nilikuwa namwomba Mungu ikae. Sasa namwomba iondoke, halafu nikiiona inashuka moyo unaniuma. Na nikirudi nyumbani naikuta miguu ya dada imevimba zaidi ya jana.

"Ni joto la ndani," alisema.

"Na kichwa?"

"Kinauma kidogo. Ni kukaa bila kazi."

Nilibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili, kisha akavuta kanga akafunika.

Sasa ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilifikiri, bibi anaogopa jioni kwa sababu jioni ndipo nyota inapoonekana. Basi nimwonyeshe kwamba hofu hiyo haina mpaka, ataiacha. Nikamwambia, "Bibi, nyota hiyo haiji jioni tu. Mchana kutwa iko juu, pamoja na jua. Mwanga ndio unaificha. Dada ametembea chini yake siku zote hizi, na hakuna kilichompata."

Bibi alichungulia mlangoni, akatazama jua.

"Iko juu mchana?"

"Mchana kutwa."

"Na hamkuniambia?"

Kuanzia saa hiyo dada hakutoka hata mchana. Chooni alikwenda na ungo kichwani, ungo ukiwa ndio paa, kwa dharura tu, na bibi nyuma yake akiangalia usiteleze. Dada akipita karibu yangu na ungo wake alininong'oneza, "Asante, mwalimu. Umesoma mpaka umenifungia choo."

Alikuwa mtu wa utani hivyo, na utani wake ulinitisha zaidi kuliko kulia, maana nilimjua. Akiwa na hofu ndipo anapochekesha.

Nilikwenda kwa mjomba, ndugu yake mama, mwenye mtumbwi wa kuvushia watu. Nikamwuliza kama mtumbwi unaweza kuwekewa paa la mkeka.

"Paa?"

"La kumkinga dada."

"Mtumbwi wangu ni mti mmoja uliochongwa," mjomba alisema. "Ukiuwekea paa na upepo huu wa mchana, tutavuka chali. Wewe unataka nimpeleke hospitali ama nimpeleke kwa mamba?" Kisha akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Usiku singevuka hata kwa paa, viboko wamejaa pale kwenye matete. Mwambie mama yangu akubali asubuhi, mapema, maji yakiwa yametulia. Mimi niko tayari hata kesho."

Nilirudi ulingoni na neno hilo, asubuhi mapema, na sikuona litanisaidia nini. Iwe asubuhi iwe adhuhuri, nimeshamwambia bibi nyota iko juu na jua.

Jioni ile ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa huku kwetu, walikuwa wanarudi kutoka kunywa maji, wakipita njia ya kando ya mashamba, vumbi limewafunika. Nyuma kabisa alikuwa ng'ombe mmoja na ndama wake. Ndama alikuwa amechelewa kidogo, anakimbia, anasimama, anakimbia. Ng'ombe akapotea kwenye vichaka. Ndama akabaki akionekana peke yake kwa muda, kisha naye akapotea. Adhana ikasikika, nikashuka kwenye nguzo yangu kuitafuta kometi, na hapo ndipo nilipoliona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo.

Jua limeingia kwanza. Kometi imebaki nje kidogo, ndipo inaingia. Basi iko nyuma ya jua. Na aliye nyuma jioni ni nyuma pia asubuhi. Jua litachomoza kwanza, nayo itafuata baadaye, kwa kiasi kilekile inachobaki jioni. Kuanzia inapotua hadi jua linapokuwa limeshapanda kidogo, haipo juu yetu kabisa. Iko chini ya ardhi.

Nilianza kukimbia nyumbani bila hata kufunga kitambaa. Halafu nikarudi kukifunga, na nilipokifunga nikaona kilivyo chini. Kati yake na mpunga palibaki kama shubiri mbili.

Bibi alikuwa jikoni. Nilimwuliza, "Bibi, ng'ombe na ndama wakienda malishoni, ndama yuko nyuma, nani anaingia zizini kwanza jioni?"

"Nyumba hii haina ng'ombe," bibi alisema.

"Lakini unajua."

"Mama yake."

"Na asubuhi wakitoka, ndama bado ni mvivu, nani anatoka kwanza?"

"Mama yake." Aliacha kukoroga. Bibi yangu hakusoma, lakini sijawahi kumweleza jambo mara mbili. "Jua ndilo ng'ombe," alisema polepole.

"Ndiyo, bibi."

"Basi alfajiri yule ndama yuko wapi?"

"Bado yuko zizini. Jua likitoka, bado. Mpaka liwe limepanda kiasi."

"Kiasi gani?"

Nikampeleka shambani kabla giza halijashika. Hakuweza kupanda ulingo, magoti hayakubali, lakini alikwenda hadi kwenye ule mti, akavishika vitambaa kimoja kimoja kutoka juu kuja chini, kama mtu anayepapasa mgongo wa mgonjwa. Akafika cha mwisho.

"Anamkaribia mama yake," alisema.

"Kila siku. Zikipita siku chache watakuwa wanatoka pamoja, na baada ya hapo ndama atakuwa mbele. Hapo hata alfajiri haitatufaa."

Nilidhani atafikiri hadi kesho yake. Bibi aligeuka akaanza kutembea. "Mwambie mjomba wako alale hapa kwetu leo," alisema akiwa ameshatangulia. "Akilala kwake atachelewa."

Alfajiri ile mto ulikuwa na ukungu. Dada alishuka ukingoni huku nimemshika mkono mmoja na bibi mwingine, bila ungo kwa mara ya kwanza. Mjomba alituweka katikati ya mtumbwi, akamwambia dada, "Wewe ukae tu. Ukicheka tunazama." Bibi hakupanda. Alibaki ukingoni amejifunga kanga, akitazama mashariki, si sisi.

Mashariki palikuwa pamekuwa pekundu tayari. Mjomba alisukuma kwa pondo bila haraka, na kila nilipomwomba aharakishe alinionyesha kwa kidevu matete ya upande wa chini, ambako kiboko alikuwa anapumua. Tulipita mbali naye. Jua lilitoka tukiwa bado majini. Nilinyoosha mkono mbele yangu nikalipima kwa vidole, kidole kimoja juu ya miti, kisha viwili. Hesabu yangu niliifanya kwa vitambaa na adhana, na moyoni nilianza kuiona ni hesabu ya mtoto. Mimi nilikuwa naamini au siamini? Sijui. Nilijua tu kwamba nimempa bibi neno langu.

Ng'ambo tuktuk ilikuwa inatusubiri, shangazi ndiye aliyeituma. Tukapanda, tukaondoka, na tulipofika karibu na mji barabara ilikuwa imejaa ng'ombe. Kundi zima, wanavuka bila kujali honi. Dereva akazima injini.

Dada alitazama juu, kwenye turubai la tuktuk lililotoboka. "Hili ni paa au si paa?"

"Ni paa," nikasema.

"Naona mbingu."

"Ni paa kuukuu."

Akaanza kucheka, kisha akanishika mkono kwa nguvu, na kucheka kukaisha. "Kichwa," alisema. "Naona kama vimulimuli."

Nilishuka nikawapiga ng'ombe wa watu kwa kandambili, mimi ambaye hata ndege nikiwapiga kwa kombeo naomba nisiwapate. Kijana wa Kiorma aliyekuwa nyuma ya kundi alikuja akiwa na hasira, akamwona dada, akapiga mluzi mmoja. Ng'ombe wakagawanyika, huku na huku, tukapita katikati.

Hatukwenda kwa shangazi. Tulikwenda moja kwa moja hospitali. Wakati dada anaingia mlangoni simu yangu iliita, ni bibi kwa simu ya mjomba, aliyekuwa amesharudi.

"Yuko chini ya paa?"

"Yuko, bibi. La mabati."

"Ndama?"

Nilitazama jua. "Bado hajatoka."

Muuguzi alimpima dada presha mara mbili, kisha akamwita mwenzake akapima tena. Alimwuliza macho yake yanaonaje, akaibonyeza miguu kama nilivyoibonyeza mimi. "Mngekaa naye nyumbani mpaka kesho..." alianza, akaniangalia, akabadilisha maneno. "Mmefanya vizuri kuja. Kaa kwenye benchi."

Nilikaa kwenye benchi siku nzima. Walimpa dawa ya kushusha presha, wakasema mtoto atatolewa leo hiihii, wakampeleka ndani kabisa, mlango ukafungwa. Adhana ya magharibi ilipoanza, ikiwa karibu sana safari hii, miguu yangu yenyewe ilinipeleka nje. Upande wa machweo kulikuwa na ukuta, tangi la maji na mawingu. Sikuiona. Ilikuwa jioni ya kwanza bila kitambaa. Kwenye simu watu wa kundi waliandika kwamba sasa inaingia karibu na jua, haitaonekana kwa siku kadhaa, na wengi wana shaka kama itatoka upande wa pili ikiwa nzima. Nilizima simu. Sikutaka kusoma habari ya kitu kilichoingia mahali na hakijulikani kama kitatoka, na ule mlango nyuma yangu ukiwa umefungwa.

Ulipofunguliwa, muuguzi alikuwa amebeba kitu kidogo kilichofungwa. Nilimwuliza habari za dada kwanza. "Yuko sawa, amelala," alisema. "Na huyu ni msichana, ana kelele. Shika."

Nilimshika. Nililia juu yake hadi muuguzi akaniambia nisimloweshe.

Bibi alivuka mto kesho yake, mchana kweupe. Alimtazama dada usoni kwa muda mrefu, akampangusa jasho ambalo halikuwepo. Dada alimwambia, "Bibi, ungo wangu umeuleta?" na bibi, ambaye sijawahi kumwona akicheka hadi meno yaonekane, alicheka.

Kometi haikutoka tena. Niliitafuta alfajiri nyingi upande wa mashariki, mahali ilipotakiwa kuonekana. Baadaye wenye darubini kubwa walisema ilivunjika ilipolikaribia jua, ikabaki vumbi. Nilipomwambia bibi tulikuwa shambani, mpunga tayari kuvunwa, na yeye alikuwa anavifungua vile vitambaa mtini kimoja kimoja, kwa kuwa alisema vitambaa havitupwi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Alisimama na kitambaa mkononi.

"Imekufa?"

"Imevunjika, bibi. Ilikaribia mno."

"Maskini," alisema. "Na ilitoka mbali." Kisha akakunja kitambaa akaendelea na kingine.

Sasa kila msimu ninapokaa ulingoni, nikirudi jioni bibi huniuliza, "Hakuna nyingine?" Nami hujibu, "Bado, bibi." Anaitikia, anaendelea kumpakata mtoto. Sijajua hadi leo kama anauliza kwa hofu au kwa hamu, na mimi mwenyewe nikijibu sijijui.